Siku Zako Nne za Mvua Lisboni

Shomari, ndugu yangu,

Leo baada ya adhuhuri tumekusomea hitima ya arobaini. Watu walijaa mpaka uwanja wa jirani, pilau ikatosha, na hakuna aliyegombana. Zena yumo edani, amekaa chumbani na shangazi zako. Nasikia anakula sasa, ingawa kidogo. Hoteli yako iko wazi. Mdogo wako anauza chai na mikate ya kununua, kwa sababu maandazi yamemshinda. Yanatoka magumu, na wateja wanamwambia awauzie mafundi wa kujenga.

Nilitaka kukuandikia tangu wiki ile ya kwanza. Kila nikishika kalamu lilitangulia neno moja, nikaona haya kulianzia barua ya maiti. Neno lenyewe ni wivu. Nilikuonea wivu miaka kumi, Shomari. Nilikuonea ulipokuwa mzima, nikakuonea ulipougua, na siku ya maziko, nilipoona watu wanavyopokezana jeneza lako kutoka mtaani kwako Dunda mpaka makaburini, kila mmoja akitaka zamu, nikakuonea tena. Mtu anamwonea wivu maiti. Sijui kama Mungu ameumba mwingine wa namna yangu.

Wivu huo ulikoanzia unakujua. Kazi ile ya melini ilikuwa yangu. Karani wa meli ya mizigo alikuwa ameniandika mimi, mtu wa jikoni, wa kumenya viazi na kusugua masufuria, na nilikuwa nimekwisha jigamba mji mzima kwamba nakwenda Ulaya. Wewe ulinisindikiza tu. Tulikwenda Dar es Salaam juu ya magunia ya mbata, katika lori, na ukanibebea mgongoni shanta langu, ule mfuko wa turubai niliouziwa na askari aliyetoka vitani. Tulipofika gatini nikaiona meli imetia nanga katikati ya bandari, nyeusi, kubwa kuliko msikiti wetu, na mashua inangoja kutupeleka. Nikaogopa. Nikakwambia nimekutana na mtu wa kwetu, ameniambia mama yangu kaugua ghafla, siwezi kusafiri.

Asubuhi ile ile ulikuwa umekula vitumbua vya mama yangu, naye akikucheka unavyojiunguza ulimi. Ulijua kuwa ni mzima. Ulinitazama, ukaniuliza, "Una hakika, Athumani?"

Nikasema nina hakika.

Basi karani akakata jina langu akaandika lako. Ukaingia mashuani na shanta langu, na nguo zangu ndani yake, nami nikarudi Bagamoyo na lori lile lile, nikawaambia watu karani amenikataa dakika ya mwisho. Zena alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimi ndiye niliyekwenda kumwambia kwamba mumewe kasafiri.

Ulirudi baada ya mwaka na nusu, binti yako Tatu akiwa anatembea. Ulipita bandari nyingi lakini hukuzisimulia. Ulisimulia mji mmoja, Lisboni, mji mkuu wa Wareno, ambako mtambo wa meli uliharibika na nahodha akawapa ruhusa ya siku nne. Wenzako walikaa kwenye vilabu vya pombe vya bandarini. Wewe ulitia kanzu na mkate shantani, ukaupanda mji peke yako kwa miguu, na mvua ikaanza kunyesha. Haikukatika mpaka mlipong'oa nanga.

Siku zile nne nazijua kuliko ninavyozijua siku zangu mwenyewe. Najua kwamba mji ule umekaa juu ya vilima, na njia zake zimetandikwa mawe madogo meupe yanayoteleza kama bamia, na wewe ulianguka mara tatu, mara ya tatu mbele ya askari, akakuinua na kukupangusa. Najua vigari vya umeme vinavyopanda mlima kwa kelele, watu wamening'inia nje na mvua inawapiga. Najua nyumba zilizovikwa vigae vya buluu kutoka chini hadi juu, kwamba ulivigusa kwa kiganja vikawa baridi kama mtungi. Najua yule mama aliyeuza kokwa za kuchoma pembeni mwa njia, chini ya mwavuli, na moshi wake ulivyokukumbusha korosho za kwetu, ukasimama pale mpaka akakupa tatu bure akidhani una njaa. Ulikuwa nayo.

Namjua na bibi aliyekupangisha chumba. Alikuvua koti akalitundika juu ya jiko la makaa, akakuletea supu, nawe ukaogopa nyama iliyomo. Kwa kuwa hukuwa na Kireno ukamgunia kama nguruwe, huku ukinyooshea bakuli kidole. Bibi akacheka hadi akakaa chini. Akaiondoa supu, akakuchomea samaki wadogo. Namjua kama jirani yangu.

Najua pia ulivyohangaika na kibla. Siku nne jua halikuonekana, na katika mji mzima hukumwona Mwislamu wa kumwuliza. Ukafikiri, mto huu unateremkia baharini, na bahari yao iko magharibi; basi nikiupa mgongo mdomo wa mto, nimeelekea mashariki, na kutoka huku kibla ni mashariki. Ukasali hivyo. Uliposimulia hapo wazee walikusifu, nami moyoni nikasema, ningelifikiri hivyo hata mimi.

Ndivyo nilivyokuwa nikisikiliza, Shomari. Wenzangu walisikia habari za Lisboni. Mimi nilisikia nguo zangu zinavyolowa katika mvua ambayo ilikuwa yangu. Koti lililokaushwa juu ya makaa lilikuwa langu. Nilijiona mimi ndiye ninayeguna mbele ya bakuli, na bibi ananicheka mimi. Halafu hadithi inakwisha, watu wanakupigia makofi wewe, nami narudi kwenye cherehani yangu kushona pindo za kanzu za watu.

Ulipofungua hoteli mambo yakazidi. Baraza yangu, iliyokuwa haikosi watu wa kucheza bao, ikabaki na mimi na paka. Wote walikuwa kwako. Masika ikija, watu wakijikunyata kibandani, utasikia mmoja anasema, "Mvua hii ni ya kitoto, ya Lisboni ilikuwa siku nne," na hata Wakwere waliokuja sokoni kutoka Miono walikuwa wanalisema neno hilo. Nililichukia. Nilifikia kuichukia mvua yenyewe.

Kisha ikaja harusi ya mpwa wangu. Ulikuwa umekaa katikati ya wanaume, wakakuomba kisa cha gereza. Ukaeleza kama kawaida yako: mvua inakupiga, unamwuliza mzee mmoja kwa ishara mahali pa kujisitiri, naye ananyoosha mkono kwenye jengo kubwa la mawe, anakwambia, "Igreja, igreja." Wewe ukasikia gereza. Ukakimbia kilima kizima na shanta linakupiga mgongoni, ukiamini anataka ufungwe, hadi ulipoona watu wanatoka mle na rozari mikononi, ukafahamu kuwa ni kanisa.

Watu walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Nikasimama. Nilisema kanisa haliwezi kuitwa gereza kwa lugha yoyote ya wanadamu, na kwamba Lisboni hukuikanyaga; ulijificha jikoni kwa hofu siku zote nne, ukasimuliwa na mabaharia, ukaja kutuuzia pamoja na kahawa. Nikamalizia kwa sauti, ili wanawake wa ndani nao wasikie, "Shomari ni mwongo, nanyi mnamlisha."

Hapo ndipo ulipokuwa na uwezo wa kuniangamiza. Neno moja tu lilitosha, vitumbua. Ungelisema nilimsingizia mama yangu ugonjwa, na asubuhi ile alikuwa mzima, na kwamba aliyejificha kwa hofu anajulikana. Nilikuona unanitazama kama ulivyonitazama gatini. Nilijikaza kungoja pigo. Ukasema, "Labda Athumani anasema kweli. Ni zamani, huenda nimechanganya." Ukaomba maji, ukanywa, ukaondoka kabla ya kula.

Hukusimulia tena. Watu walikuomba mwanzoni, ukawaambia umesahau, wakaacha. Watu wa bao wakanirudia. Ningekwambia kwamba nilifurahi, lakini hawakuwa na la kuzungumza, na mimi sikuwa nalo la kuwapa.

Sasa nikueleze ambalo hukulijua. Mwaka jana, baada ya mavuno ya korosho, nilikwenda Dar es Salaam kununua nyuzi kwa fundi mmoja Mgoa, mtu mzima, ambaye Kireno ni lugha ya kwao. Alikuwa anafunga duka mapema, nikamwuliza aendako. Akasema anakwenda kanisani. Sijui nini kilichonisukuma, nikamwuliza kwa Kireno huitwaje. Akanitajia: igreja. Nikamwomba arudie. Akarudia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, kisha akacheka, akasema hata neno letu gereza tulilipata huko huko. Wareno walipokuja pwani hii zamani walikuwa na kanisa ndani ya ngome, na sisi tukashika jina tukalipa ngome, na ngome ikageuka jela.

Nilirudi na lori la alasiri. Nilipita mbele ya hoteli yako, ukanipungia mkono na kitambaa cha kufutia meza. Nikakupungia. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho nikasema nitamwambia Ijumaa. Nilikaa na neno lile mwaka mzima, Shomari, kwa sababu nilijua nikikwambia utaanza tena, na watu watahama tena. Ulipoanza kuugua homa nilikuja kukutazama mara mbili. Mara ya pili ulikuwa umelala umegeukia ukutani, na nilikuwa nimekwisha fungua mdomo. Zena akaingia na uji. Nikaufunga. Siku ya tatu yake wakaja kuniita nikushonee sanda.

Leo kwenye hitima, dua ilipokwisha na sinia zinatolewa, Tatu alinifuata mbele ya wanaume wote. Amekuwa mrefu, na anasimama kama wewe, mguu mmoja mbele. Akanishika mkono akaniamkia shikamoo, nikamwitikia. Kisha akaniuliza, si kwa sauti kubwa, "Ami, wenzangu shuleni wanasema baba yangu alikuwa mwongo, na kwamba wewe ndiye uliyesema. Ni kweli alikuwa mwongo?"

Nilitafuta jibu la kumpeleka kando. Nilitaka kumwambia tutazungumza baadaye. Nikaona wazee wanangoja, na nikajua nikiahirisha tena sitasema hadi nife.

Nikamwambia, "Mwongo ni mimi, mwanangu." Nikaeleza yote, nimesimama, mikono inanuka pilau: habari ya Mgoa na kanisa, mama yangu na vitumbua, jina lililokatwa na karani, na kwamba sikuwa na mgonjwa yeyote, nilikuwa na hofu tu. Nikawaambia ulijua tangu siku ya kwanza na ukanisitiri miaka kumi, hata pale harusini. Mama yangu alikuwa amekaa ndani na wanawake. Nilimsikia anasema, "Kumbe," basi. Nadhani itakuwa siku nyingi kabla hajanitazama vizuri.

Hakuna aliyenilaani. Mzee mmoja wa bao akauliza polepole kama yule bibi wa supu naye ni kweli. Nikasema ni kweli. Akasema hakumbuki vizuri iliendaje. Basi nikaanza. Nikasimulia hadi alasiri ikaadhiniwa, mawe yanayoteleza, kokwa, mto na kibla, nami sikuruka hata mwanguko mmoja. Walinisikiliza kama walivyokuwa wakikusikiliza wewe, Tatu amekaa mbele kabisa. Huo ndio wakati niliouota miaka kumi. Na humo humo, Shomari, wivu ukanishika, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiona mimi. Walikuwa wanakuona wewe.

Sitakudanganya kwamba wivu umenitoka. Nitaishi nao. Lakini nimemwahidi Tatu kila Ijumaa baada ya sala nitakaa naye hotelini kwako, nimsimulie hadi azijue siku zile kama ninavyozijua, kisha awasimulie wenzake wa shule. Nakuahidi na wewe kwamba sitaongeza chumvi, sitapunguza, na akija mgeni asiyejua, akadhani kwa ninavyoeleza kwamba mimi ndiye niliyelowa mvua ile, nitamkatiza papo hapo. Nitamwambia aliyekwenda ni Shomari, na mimi nilikuwepo gatini alipoondoka.

Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Unisamehe kama unaweza.

Mimi niliyebaki,
Athumani