Ulichokula Kwangu

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo mama? Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Wifi yako anakusalimu sana, na anauliza inakuwaje mtu ambaye kazi yake ni kula anakonda namna ile.

Nina habari. Mpishi mkuu wa mkahawa wetu amestaafu na kofia yake nimepewa mimi. Miaka ishirini na miwili, Kitinda! Nilipoingia jikoni kwa mara ya kwanza kusugua masufuria, ulikuwa darasa la pili, na baba na mama walikuwa hawajatimiza hata siku arobaini kaburini. Ulikuwa unanisubiri kwenye ngazi za mlango wa nyuma na daftari lako. Nilikuwa nakufunga macho kwa kitambaa na kukuonjesha mchuzi, nawe unaniambia kilichomo. Hukukosea hata siku moja. Nikajua ulimi huu utakuja kuwapa watu tabu.

Kila Jumamosi nasoma safu yako gazetini. Juzi ulipoandika juu ya ile hoteli ya ghorofani kwamba kuku alipita tu kuisalimu supu, tulicheka hadi kijana wa vitunguu akajikata kidole.

Sasa ni zamu yetu. Njoo ule, kisha uandike kama unavyowaandika wengine. Mpishi anayeogopa ulimi wa mlaji akauze mkaa.

Ni mimi kaka yako.


Tarehe 27 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi nilifika salama, ila basi lilitutikisa hadi meno yakataka kuhama.

Asante kwa kunipokea. Nilivyokuona umetoka jikoni na kofia ile nyeupe, watu wakikusalimu kwa heshima, machozi yalinilengalenga. Chakula kilikuwa kizuri, kama nilivyokuambia pale pale. Mwambie wifi asijisumbue tena kunifungashia vitu vingi hivyo.

Mhariri ananikimbiza na makala, nitaandika kwa kirefu siku nyingine.

Mdogo wako, Kitinda.


Tarehe 9 Machi

Kitinda,

Salamu leo sina.

Gazeti limebandikwa ukutani, juu ya sinki. Mwenye mkahawa amelibandika kwa mkono wake. Kila anayeosha sahani anasoma: “Samaki alitiwa chumvi kama wa kusafirishwa, si wa kuliwa. Wali ulinuka moto. Chai ililetwa na maziwa yaliyochacha. Mpishi wa namna hii ama anatudharau, ama pua yake imekufa.”

Mimi nikudharau wewe?

Nilitoka jikoni nikifuta mikono, nikasimama mbele ya meza yako, nikakuuliza, “Vipi, mdogo wangu?” Ukanitazama machoni ukasema, “Kaka, umenikumbusha nyumbani.” Nikarudi jikoni nimevimba kama andazi. Nikawaambia wote, “Mnamjua yule? Yule hasifii ovyo, na leo amenisifu.” Kumbe kalamu ulikuwa umeshainoa.

Sasa namenya viazi. Kofia anayo mwingine.

Usiniandikie.

Mimi.


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Najua umenikataza. Nakuandikia hivyo hivyo.

Uliniambia niandike kama ninavyowaandika wengine. Je, wapishi wote niliowasema miaka hii mitano hawana dada? Ningekuficha wewe, ningewezaje kuwatazama wao? Wasomaji wananiamini kwa sababu sina shemeji wala mjomba kwenye sahani.

Lakini kuna jambo linaninyima raha kuliko hasira yako. Wewe ulinifundisha kwamba maziwa hunuswa kabla ya kumiminwa, hata kama yamekamuliwa mbele ya macho yako. Wewe wa kuleta maziwa yaliyochacha mezani? Kaka, una nini?

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Kitinda.


Tarehe 2 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Bado hujanijibu. Nilimpigia wifi simu, akaniambia unakula kidogo sana na unanyamaza sana, kisha akakata kabla sijauliza zaidi. Nilitambua kwamba ulikuwa karibu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye mkahawa mpya wenye vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi na wahudumu wanaotembea kama wanaingia msibani. Nyama ilikuwa ngumu. Nilifungua daftari, nikashindwa kuandika neno. Nikamwita mpishi. Akaja mama mmoja wa makamo, mikono imejaa alama za mafuta ya moto. Nikamwambia, “Mama, nyama yako haikuiva.” Akanishukuru. Akasema hakuna anayemwambia kitu. Wanakula nusu na kuondoka.

Nilirudi nyumbani nikalia, sijui kwa nini.

Kitinda.


Tarehe 19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sina la zaidi. Nilitaka tu ujue kwamba bado naandika.

Kitinda.


Tarehe 20 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako zote zimefika. Nilikuwa naziweka bila kuzifungua. Jana nimezisoma zote kwa mpigo.

Nikwambie kilichotokea juzi. Ilikuwa asubuhi, sikuwa na zamu, nikaamua kumchemshia wifi yako chai kabla hajarudi kutoka dukani. Nikaweka birika kwenye jiko la gesi, nikaenda chumbani kupiga pasi shati. Niliporudi, birika lilikuwa limefurika na kuzima moto. Nikasema basi, niwashe tena. Nikachukua kiberiti. Njiti ilikuwa tayari mkononi.

Wifi yako akafungua mlango. Hata kapu hakuliweka, alilitupa. “Baba, usiwashe! Gesi! Hunusi?” Akanipokonya kiberiti, akafunga jiko, akafungua madirisha yote huku amejiziba pua na kanga. Mimi nimesimama tu. Nilikuwa navuta pumzi kwa nguvu, Kitinda, navuta na kuvuta, na hakukuwa na kitu. Hewa tupu. Akaniuliza taratibu, “Tangu lini?”

Tangu Oktoba ya mwaka jana. Niliteleza jikoni kwenye sakafu yenye maji, kisogo kikagonga ukingo wa sinki. Nilizimia kidogo, nikaamka, nikamalizia zamu. Kesho yake uji haukuwa na ladha. Nikadhani ni mafua. Baada ya mwezi nikajua si mafua, lakini nilikuwa nimeshaanza kunyamaza, na kunyamaza nako ni kama deni la riba, linazaa. Ulimi wangu unajua chumvi kwa mbali sana, na sukari. Vingine vyote vimeondoka. Nikawa napika kwa kukumbuka. Mkono ulijua vipimo, macho yaliona rangi, masikio yalisikia mafuta yakichemka. Waliniambia nimeiva kweli kweli, wakanipa kofia. Ningesemaje wakati ule? “Asanteni, ila mimi ni mpishi asiyeonja”?

Siku ile uliyokuja nilitaka kukufurahisha, nikatia chumvi, nikawa na wasiwasi kwamba haitoshi, nikatia tena.

Uliandika kwamba pua yangu imekufa. Niliposoma pale juu ya sinki, nilidhani umejua, na umeamua kuwatangazia watu. Hicho ndicho kilichonikata maini.

Daktari amenipima. Anasema mshipa unaobeba harufu kwenda kwenye ubongo umekatika, na kwa muda uliopita hatarajii uunge tena. Wifi yako alishika mkono wangu njia nzima ya kurudi, kama tunavuka barabara.

Kaka yako.


Tarehe 27 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi chini sakafuni.

Sikujua. Naapa kwa makaburi ya wazazi wetu, yale maneno ya pua niliyaandika kwa sababu yalisikika vizuri. Mtu huandika sentensi, inamchekesha, anaiacha.

Nimejitetea miezi yote hii kwamba nilisema kweli, na kweli niliisema. Lakini niliisemea wapi? Nilikuwa jasiri mbele ya maelfu nisiowajua, nikawa mwoga mbele ya mtu mmoja aliyenilea. Uliposimama mbele ya meza yangu, ningekwambia, “Kaka, maziwa haya yamechacha, na samaki haliki,” ungenijibu nini? Labda ungenitukana. Labda ungeketi na kuniambia kuhusu sinki. Usingefika kwenye ile njiti ya kiberiti. Hilo ndilo kosa langu, na sina pa kulificha.

Nitamwomba mhariri aniachie nafasi Jumamosi, niandike kukuomba radhi hadharani. Na nakuja. Usinikatalie.

Kitinda.


Tarehe 30 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Ulifika salama? Wifi yako anasema umesahau mtandio wako, na kwamba ameshaanza kuuvaa, kwa hiyo usitarajie.

Nashukuru hukuandika ile radhi gazetini. Nilikukataza na nakukataza tena. Uliyoyaandika yalikuwa kweli, na waliokula chakula changu miezi ile walistahili kuijua.

Tangu uondoke, nimekwenda mwenyewe kwa mwenye mkahawa nikamweleza yote. Akaenda jikoni, akabandua gazeti ukutani. Sasa kila alfajiri naenda sokoni kuwanunulia samaki na mboga. Jicho la samaki bado naliona, na kidole changu bado kinajua nyama iliyolala. Jikoni siingii zaidi ya mlangoni. Siku nyingine nasimama pale nikiwatazama wanavyoonja kwa kijiko, mmoja baada ya mwingine, bila hata kufikiri. Halafu naondoka.

Kuna kitu sikukuambia ulipokuwa hapa. Siku ile uliyonipeleka kula pale karibu na kituo, nilikuuliza, “Niambie, kikoje?” Ukaweka kijiko chini, ukafumba macho, ukaanza: mchuzi una nyanya zilizoiva sana, kitunguu kimekaangwa hadi kikawa kitamu, pilipili iko nyuma kabisa, inakuja ukishameza; nyama ni ngumu, kaka, na wali ni wa jana. Hukunificha hata moja. Nikakuaga naenda kunawa mikono. Sikunawa. Niliegemea ukuta wa kule nyuma nikalia kama mtoto, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilikuwa nimekula.

Uliniomba msamaha mara tatu ukiwa hapa, na mara tatu nikabadilisha mazungumzo. Mara moja nilizungumzia hata mvua, na mvua haikuwepo. Haikuwa kiburi. Nilikuwa najipima kama neno lenyewe ni la kweli, au nataka tu mdogo wangu aondoke na moyo mweupe. Nimekaa nalo wiki tatu.

Nimekusamehe, Kitinda. Naliandika badala ya kulisema, kwa kuwa kinywa changu siku hizi sikiamini sana.

Kaka yako.