Mama, Udongo wa Bugarama Umekwisha

Mama yangu,

Tangu tukuzike kule Bugarama sijasema nawe, maana nilikuwa na hasira. Leo nakuandikia hadharani, wasome na wale waliokunywa maji ya mitungi yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka bondeni kuchimba udongo? Kwanza uliuonja kwa ulimi, ukatema ule wenye mchanga. Tulifinyanga nyuma ya nyumba, tukachoma kwa majani makavu, kisha tukateremka na vyungu kichwani hadi soko la Rumonge, ziwa likimeta mbele yetu na mimi nikiogopa kujikwaa.

Mteja wako mkubwa alikuwa mke wa muuza mawese, pale kando ya barabara ya Nyanza-Lac. Mitungi yote ya nyumba ile ilitoka mikononi mwako. Lakini tukiomba maji alitumiminia viganjani, kwa kuwa sisi ni Batwa, watu ambao wengine hawali wala kunywa nao chombo kimoja. Siku moja ya jua kali ulikuwa na homa. Ukachukua kikombe cha udongo kilichokuwa juu ya benchi, ukanywa. Akangoja umalize. Kisha akakishika kwa ncha za vidole, akaenda kukitumbukiza chooni.

"Ile kikombe nilitengeneza mimi," ulimwambia taratibu.

"Ndiyo," akajibu. "Utanitengenezea ingine."

Nawe ukamtengenezea, Mama. Hilo liliniuma kuliko kikombe. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema nyumbani hakuna cha kupika.

Baadaye mtu wa mjini akalichukua bonde, akapanda michikichi. Ukawa unachimba pembezoni, mpaka mlinzi wake alipokuja nyumbani akakanyaga vyungu vyako vibichi, kimoja baada ya kingine, wewe umesimama unatazama. Hukufinyanga tena. Ulikaa mlangoni, mikono mapajani, hadi ulipotutoka. Majirani walikuja kukuzika, ila chakula chetu hawakukigusa.

Sasa nauza ndoo za plastiki Rumonge. Mikono yangu ni safi. Wateja hunisalimia kwa mkono, wananiita dada, wanacheka nami. Hawajawahi kuniuliza mimi ni mtoto wa nani, nami sikuwaambia.

Sasa, kwa barua hii, wamejua. Kesho asubuhi nitapanga ndoo zangu kama kawaida, nione nani atanipa mkono.

Pumzika, Mama.

Mimi binti yako, mtoto wa mfinyanzi