Fizikia ya Baba Yako

Haneti, 2 Machi 2026

Lea, baba yako anaingia kwenye video! Nimelitangaza juzi kwenye mkutano wa wazazi, na diwani akiwepo!

Hujambo mwanangu? Huko Ihumwa mnaendeleaje, na kile kifua chako kimepona? Sisi wazima. Mvua zinanyesha, alizeti imesimama vizuri, yangu kuliko ya majirani wote, na sisemi kwa kujisifu, njoo uone.

Habari yenyewe iko hivi. Baba yako anatimiza miaka sitini tarehe 31 Mei, na sitini ni kustaafu. Mkuu wa shule, Mwalimu Respicius, amesimama mkutanoni akasema barua ya kuomba mwalimu mwingine wa fizikia alishaituma, jibu bado, na kidato cha nne wana mtihani Novemba. Wazazi wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Basi wafanye bila hiyo fizikia, kwani sisi tulikufa?" Hapo ndipo niliposimama. Nikasema, "Binti yangu Lea ndiye mkuu wa video zote za chuo kule Dodoma. Wahadhiri hawafungui mdomo mpaka yeye aseme anza. Baba yake, Mwalimu Bartolomayo, atarekodiwa vipindi vyote kabla hajaondoka, watoto watasoma kwenye runinga ya shule." Wakapiga makofi, Lea! Kamati ikanipa mimi kazi ya kutafuta vifaa. Mimi, wa darasa la saba.

 Tulipofika nyumbani baba yako akaniuliza, "Umemuuliza Lea?" Nikamjibu Lea nimemzaa mwenyewe, nimuulize nini tena. Sasa ndiyo nakuuliza. Tuchukue kamera gani? Jibu mpe dereva wa basi kama kawaida, maana simu huku inashika mpaka upande juu ya kichuguu.

Ni mimi mama yako


Ihumwa, 5 Machi 2026

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimepona. Msalimie baba, mwambie shikamoo yake iko pale pale.

Kwanza, mama, mimi siyo mkuu wa video. Nabeba stendi, nachaji betri na nakunja waya. Naomba uwaambie hivyo kabla hawajaanza kunitumia watoto wao niwatafutie kazi.

Pili, msinunue kamera. Ile simu niliyokuletea Krismasi inatosha kabisa. Kinachohitajika ni stendi ya miguu mitatu ya kuishikilia isitikisike, memori kadi kubwa, na maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye waya mrefu. Hivyo vyote vinapatikana mjini kwa Jayant, yule anayeuza redio, na havifikii bei ya mbuzi mmoja. Kama kuna kitu cha kutokubania ni maiki. Nimekaa na wahadhiri miaka minne na nimeona: mwanafunzi anavumilia picha yenye giza, lakini sauti ikikatika anazima.

Simu ikae sehemu moja, iuone ubao wote. Dirisha la upande wa ubao lizibwe kwa kanga, la sivyo ubao unang'aa maandishi hayasomeki. Na msirekodi mvua ikinyesha, bati litameza kila kitu.

Jaribuni kwanza dakika tano, msikilize, ndipo muendelee.

Mwanao Lea


Haneti, 29 Machi 2026

Mbukwa, mwanangu. Hali yako? Chakula unakula? Picha uliyomtumia binamu yako Devota nimeiona, shingo imekuwa nyembamba.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, na Mwalimu Respicius akaisoma. Ushauri mzuri sana, kaandika mtu aliyesoma. Lakini Lea, simu? Nisimame mbele ya kamati niwaonyeshe simu? Simu hata mchunga mbuzi anayo. Mtu kafundisha miaka thelathini na nne, ametoa wauguzi na mainjinia, leo nimrekodi kwa kitu ninachopigia saluni!

Nikamchukua Tumsifu wa Mkonze, yule aliyepiga video ya harusi ya Devota. Kamera yake anaiweka begani, ina taa mbele, ina manyoya kwenye maiki kama mkia wa mbweha. Alipoteremka na ile mali, shule nzima ilitoka nje. Kamati imempa mbuzi wanne na hakuna aliyenung'unika. Amekuja kila Jumanne na Alhamisi kwa wiki tatu, vipindi kumi na viwili vimeisha. Mambo ya mwendo, nguvu, na yale ya maji kusukuma. Siku ya kwanza alimwambia baba yako aingie darasani upya mara tatu, ili amchukue miguu kwanza halafu apande juu taratibu. Baba yako akaingia mara tatu. Unamjua, ya kwake yote moyoni.

Sasa Tumsifu ameondoka na kadi zake kwenda Mkonze kuipamba video. Anasema mbichi haionyeshwi kwa watu. Pasaka ikipita analeta.

Nawaambia watu kila ninapokwenda kusaga.

Mama yako


Ihumwa, 1 Aprili 2026

Shikamoo mama. Mimi mzima.

Nimepata barua leo asubuhi na basi linarudi mchana, kwa hiyo naandika kwa kifupi. Panda kichuguu leo leo umpigie Tumsifu. Mwambie asipambe chochote. Tunataka hiyo hiyo mbichi, sauti yake na yote. Na asifute kadi.

Simu yake mimi nimeipiga mara sita, haipokelewi.

Mwanao Lea


Haneti, 19 Aprili 2026

Mwanangu Lea, salamu. Hali ya hapa ni nzima. Kuku wamepata mdondo, wamekufa saba. Mvua zinaelekea kukata.

Kwenye kichuguu nilikwenda, Tumsifu akapokea siku ya pili yake. Akasema, "Mama, tulia, utalia kwa furaha." Nikatulia.

Video imeonyeshwa Ijumaa. Runinga ya ofisi ya walimu ilihamishiwa darasani, kidato cha nne wamekaa mbele, wazazi nyuma, mimi na baba yako tumewekewa viti vya plastiki. Ikaanza kwa maua yanayodondoka. Jina la baba yako likaja kwa dhahabu, likazunguka. Kwaya ikaingia. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, sikufichi.

Baba yako akaanza kufundisha. Midomo inakwenda, kwaya inaimba. Anaandika ubaoni, kwaya inaimba. Nikadhani ni mwanzo tu. Kamera ikamwacha, ikaja kwa watoto mmoja mmoja, kama vile inatafuta wakwe. Ikaja kwangu mlangoni nimevaa kile kitenge cha bluu. Mara kumi na moja, watoto walihesabu. Chaki ikaanguka polepole mpaka chini, vumbi lake likapanda polepole. Ubao ulionekana pembe tu. Halafu moyo mwekundu ukatokea, ndani yake uso wa baba yako anazungumzia msuguano.

Msichana mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono akasema, "Samahani, kwaya itaisha saa ngapi? Nataka kuandika." Wenzake walicheka. Hakuwa anatania, alikuwa na daftari wazi.

Vipindi vyote kumi na viwili ni hivyo. Tumsifu anasema sauti ya mwalimu aliitoa kwa sababu haikuwa na raha, na kadi alizifuta azitumie kwa harusi za baada ya Pasaka. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anashangaa kwa nini tumenuna. Huku kwetu video ni hiyo, Lea. Mimi mwenyewe sijawahi kuona nyingine.

Baba yako alisimama, akachukua dasta, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu, akatoka. Nyumbani akasema, "Yaliyobaki nitafundisha bila kuchezewa." Tangu siku hiyo tunaongea habari za maji na kuni tu. Zimebaki wiki sita.

Njoo wewe. Ukija atakubali.

Mama yako


Ihumwa, 22 Aprili 2026

Mama, shikamoo. Pole kwa kuku.

Siwezi kuja. Chuo kiko kwenye mitihani na ruhusa hakuna mpaka mwisho wa Mei. Nimeomba, nimekataliwa, kwa hiyo tusipoteze siku hapo.

Ndani ya mfuko huu kuna stendi, maiki na kadi. Nilikwenda kwa Jayant na simu ya mwenzangu inayofanana na yako. Maiki ya kwanza ilikuwa rahisi zaidi, tulipoijaribu ikavuma kama nyuki, Jayant mwenyewe akasema, "Dada, hii usimpelekee mzazi." Ya pili ndiyo hiyo. Waya una mita sita, upitishe ukutani mtu asijikwae.

Atakayerekodi ni wewe. Unabonyeza duara jekundu, unaangalia namba zinasogea, unakaa kimya. Kila kipindi kikiisha sikiliza kidogo kabla baba hajafuta ubao. Ya wiki nzima ukimaliza, niletee kadi nitoe nakala. Nakala mbili, sehemu mbili. Kitu cha kwenye kadi moja ni kama hakipo.

Kuhusu baba sijui la kukuambia. Kamera ulichagua wewe na ahadi ulitoa wewe, tena kwa jina langu.

Mwanao Lea


Haneti, 10 Mei 2026

Lea mwanangu, nakusalimu. U mzima? Hapa upepo umeanza, vumbi mpaka kwenye chumvi.

Barua yako ilinichoma, nikakaa nayo siku mbili. Usiniombe radhi, soma tu.

Tarehe 25 palikuwa na kikao cha wazazi cha kambi ya kidato cha nne. Baba yako hakuja. Agenda ilikuwa maharage. Nikanyoosha mkono, wakadhani nataka kuongea maharage. Nikasimama nikasema: "Binti yangu siyo mkuu wa video. Anabeba stendi. Aliniandikia nisichukue kamera, akaniambia na cha kuchukua, nikaona aibu kushika simu mbele yenu. Nilichagua kamera kwa ukubwa. Vipindi kumi na viwili nimevipoteza mimi, siyo Tumsifu." Nikakaa. Yule mzee wa sisi-tulikufa akasema, "Mama Lea leo umeishiwa?" Wakacheka sana. Nikawaacha wacheke. Mashineni siku hizi naweka debe langu natoka.

Sijui nani alimpelekea baba yako habari hizo. Jumatatu asubuhi baba yako kanywa chai, kavaa koti, amefika mlangoni akageuka. "Hiyo stendi iko wapi?" 

Siku ya kwanza maiki ilikuwa inakwaruza, krr krr, kila akigeukia ubao. Nilisikiliza kama ulivyosema, nikagundua ni koti linasugua. Nimemshonea kitanzi kidogo ndani ya kola, maiki inakaa humo haigusi kitu. Chuo chenu hamna hicho, waambie.

Nakaa dawati la nyuma na simu. Ulisema nikae kimya. Nilijaribu. Lakini anafundisha kwa Kiingereza, anarudia kwa Kiswahili, na mimi siku ya tatu nikajikuta nimenyoosha mkono. "Mwalimu, kitu kama hakuna kinachokizuia hakisimami, mbona baiskeli yangu inasimama?"  Baba yako akanitazama vile alivyokuwa ananitazama kabla hujazaliwa. Akasema, "Swali zuri. Nani atamjibu mama?" Wakaanza kubishana, saa nzima ikaisha. Tangu hapo nisipoelewa nakunja uso, naye anarudia. Watoto wananiambia, "Mama, kunja tena."

Vile kumi na viwili vilivyopotea anavirudia jioni, kabla jua halijashuka likaupiga ubao. Kadi ya kwanza hiyo nimeifunga kwenye kitambaa.

Mama yako


Ihumwa, 14 Mei 2026

Mama, shikamoo, na baba shikamoo yake.

Kadi imefika. Nimetoa nakala tatu. Nilisikiliza kipindi cha msuguano kwa hedifoni nikiwa kazini, kila neno linasikika, hata chaki. Kwenye dakika ya ishirini na sita simu imeinama kidogo, ukaze ile skrubu ya katikati ya stendi. Sauti yako ukiuliza iko mbali lakini inasikika. Mwenzangu alisema tuikate. Nimeiacha.

Kitanzi cha kola tumekishona hapa pia. Mhadhiri mmoja ameuliza nimekitoa wapi.

Nilikuandikia kwa ukali ile mara iliyopita. Niambie vimebaki vingapi.

Mwanao Lea


Haneti, 24 Mei 2026

Wahadhiri wanavaa kitanzi changu, Lea! Nimemsomea baba yako hapo hapo barabarani, basi halijaondoka, dereva anapiga honi.

Hujambo mwanangu? Ukali wako nimeshausahau, nimekwambia usiniombe radhi. Sisi wazima kabisa.

Kimebaki kimoja. Vingine vyote viko kwenye kadi, na Mwalimu Respicius ana nakala kwenye kabati lenye kufuli. Alhamisi watoto walisoma kwenye runinga bila mwalimu, kujaribu. Baba yako alikaa dawati la nyuma pamoja nami. Nilimwona ananyoosha mkono akitaka kumsahihisha yule wa kwenye runinga, halafu akaurudisha mfukoni. Wasichana walisimamisha video wenyewe, wakarudisha nyuma, wakaandika, wakaendelea. Hakuna aliyemtazama yeye. Tulipotoka nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Wanaweza." Akatembea mpaka nyumbani mikono nyuma.

Hicho kimoja cha mwisho ni transfoma. Anasema hataki kukifundishia darasa tupu la kamera, anataka watu. Nimeshamwambia mkuu wa shule, nimewaambia wazazi, yule mzee naye nimemwambia, Tumsifu naye anakuja lakini mikono mitupu. Simu nitaishika mimi. Na wewe mitihani yenu itakuwa imekwisha, usiniletee sababu, panda basi la alfajiri, kiti chako ni karibu na baba yako. Tunawangojea wote Jumamosi, tarehe 30 Mei, saa tatu kamili asubuhi.

Mama yako