Maswali Yako ya Ngazini

Umetimia mwaka tangu utuache, Baba. Nyumba hii ilijigamba kuwa hakuna aliyekujua kutuzidi sisi. Kikohozi chako tulikitambua tangu getini, na siri zako zote tulikuwa nazo, hata zile pipi za tangawizi nyuma ya redio. Kumbe tulikuwa tunajidanganya.

Chuoni uliwafundisha wahandisi wachanga kutatua matatizo kwa ubunifu. Walikuita Njia ya Tatu: jibu la kwanza ulisema ni la kila mtu, la pili la jirani, la tatu ndilo ulilosahihisha. Nyumbani nako hatukupona. Bomba likivuja, badala ya kumwita fundi ulituita sisi. Mama akasema, "Mume wangu, leo nataka maji, sitaki somo."

Tulichopenda zaidi ni maswali yako ya ngazini. Tunakaa ghorofa ya nne, na mwaka wako wa mwisho ulisimama kila ghorofa, mkono ukutani. "Hebu kitinda mimba, ufa huu umeanzia wapi?"

Kitinda mimba wako, mdomo haumkai, akajibu, "Umeanzia kwa mwenye nyumba." Ulicheka mpaka ukashika kifua.

Siku tuliyokuzika, kiranja wa darasa lako alitujia analia. "Alitupa swali: mzee moyo wake umechoka, ngazi zinamshinda, hataki wa nyumbani wajue. Afanyeje? Mimi nikajibu: asimame kila ghorofa awaulize maswali, watadhani anafundisha. Akanipa alama zote. Hatukujua ni yeye."

Baba! Siri ya moyo wako uliwapa wageni kama zoezi, sisi damu yako ukatuachia nyufa. Mama angekuhamishia chini. Dada angekubeba mgongoni. Ulitunyima hata nafasi ya kukosea jibu. Limetuuma hilo, na halijapoa.

Wanakukumbuka mkeo, ambaye bado anakugombeza akitandika kitanda, binti yako mkubwa, wadogo zako, na kitinda mimba, aliyeapa kwamba kwa hasira zake siku hizi anapanda ngazi mbio, hasimami popote.

Yupo pia jirani wa ghorofa ya pili, aliyetusikia tukisoma maneno haya akadakia: "Nani hasimami? Huyu? Juzi kanizuia na ndoo yangu kichwani, ati kwa nini taa ya ngazini inawaka mchana. Nikamwambia sijui. Akasema, 'Hata mimi sijui, mama. Tusimame kidogo.'"

Tutakukumbuka siku zote, Baba, hata tukikununia.