Mume Wangu Hayumo Kaburini

Jumatano, 6 Machi

Wapimaji wa barabara wamemaliza. Safu nzima ya tatu ya makaburi ya kanisa inahamishwa, na mume wangu yumo. Kesho zamu yetu. Anayetaka kusimama pale asimame, asiyeweza abaki nyumbani. Mama mkwe anasema anakwenda. Nikamwambia, Mama, kwa miguu hiyo? Akanijibu: nilimzaa, nitashindwa kumhamisha?

Nimeshona mfuko wa kumwekea. Shuka nyeupe, mshono mara mbili. Mimi ni fundi cherehani, sitaki mume wangu atiwe kwenye gunia la mkandarasi. Nimefumua na kushona upya sijui mara ngapi. Kila wiki nawaambia wajane wenzangu kikundini: tutawaona tena, jamani, ni kungoja tu. Maneno yananitoka kama maji bombani. Leo cherehani imesimama nami nimekaa najiuliza — kesho nitaona nini hasa?

Alhamisi, 7 Machi

Hayumo.

Naandika tena nione kama linaandikika. Hayumo.

Sururu — ndivyo kila mtu anavyomwita yule mchimbaji — kachimba na mwenzake mpaka shimo limewameza mabega. Hakuna ubao. Hakuna hata msumari. Wakazidi kushuka. Mwishowe Sururu karusha koleo juu, kasema: mama, udongo huu haujawahi kuguswa. Mahali palipozikwa mtu, udongo hubaki mchanganyiko, wa juu na wa chini, hata ipite miaka mingapi. Huu ni mwekundu mtupu.

Miaka tisa napiga magoti pale. Nimemsimulia habari za nyumba, nimemgombeza kwa ajili ya paa aliloacha linavuja, nimelia mpaka macho yakavimba. Kumbe naongea na ardhi! Machozi yenyewe leo hayakuja. Nimesimama na mfuko wangu mweupe nimeduwaa, watu wananisemesha siwasikii.

Halafu Mama. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki tulichomwekea. Kainuka bila fimbo, kachungulia shimoni. Kisha kasema, kwa sauti ile ile anayoniambia chai iko tayari: "Amefufuka."

Wote tukamgeukia mchungaji. Mchungaji kaangalia viatu vyake. Mtu anayehubiri kaburi tupu kila Pasaka mpaka spika zinakoroma! Baadaye kanivuta pembeni: mama, nisikudanganye, leo sina neno.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu wa kwaya kaja asubuhi, kofia mkononi, hataki kukaa. Nikajua ana jambo.

Pasaka ile ya kwanza baada ya msiba, kwaya ilijitolea kuipaka misalaba rangi nyeupe. Nakumbuka, niliwapikia uji. Sasa ndiyo nasikia kilichotokea. Waliing'oa yote ya safu ya tatu, wakaipanga ukutani ikauke. Mvua ikashuka ghafla. Wakairudisha mbio mbio, kwa kukumbuka tu, kila msalaba kwenye tuta lake. Tuta moja lilikuwa limeshabonyea, hawakuliona. Wakabakiwa na msalaba mmoja na hakuna pa kuuweka. Wakauchomeka mwisho wa safu.

Wa mume wangu.

Nikamuuliza, na ibadani mliimba? Akasema, tuliimba vizuri sana siku ile. Nusura nimpige na ubao wa kupigia pasi.

Kwa hiyo yuko mahali fulani kwenye safu, bila msalaba. Jumanne katapila linaingia. Atakayebaki chini, lami inapita juu yake. Nimekwenda kumwambia Sururu: tafuta mguu wa kulia. Mume wangu aliwahi kuanguka kutoka kwenye jukwaa akijenga ghorofa, wakamtia bamba la chuma na skrubu. Sururu kasema chuma hakipotei, mama. Nenda kapumzike. Nipumzike na nini?

Jumamosi, 9 Machi

Nyumba imejaa. Majirani, watu wa kanisa, hata yule muuza mkaa ambaye hajawahi kuingia ibadani. Mama kavua nguo nyeusi, kavaa ya maua. Kala sahani nzima na kuomba tena — yeye ambaye tangu msiba namlisha kwa kumbembeleza! Anawaeleza wageni bila papara kwamba mwanawe amefufuka. Mlango wa mbele hataki ufungwe. Anasema, akija asitukute tumenuna.

Nilisubiri wageni watoke, nikamweleza habari za kwaya. Misalaba, mvua, tuta lililobonyea, yote. Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema: "Mwanangu, wewe ndiye unayewafundisha wajane kwamba wafu watafufuka. Ulikuwa unawafundisha nini?"

Nimeosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumapili, 10 Machi

Mchungaji kahubiri uvumilivu. Kaburi hakuligusa. Mama kaishinda kwaya nzima kwa sauti.

Jumatatu, 11 Machi

Tumempata.

Kati ya makaburi mawili, mahali ambapo watu hupita kwa miguu. Mimi mwenyewe nimepita hapo, nikiufuata msalaba, kila nilipokwenda kumlilia kule mwisho. Udongo mchanganyiko, kama alivyosema. Sanduku limeliwa lote. Sururu kapanda na kitu mkononi, kakifuta kwa shati lake: bamba, na skrubu zake zote.

Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Nimeshuka mwenyewe shimoni, hawakunizuia. Nimemwokota. Mtu aliyekuwa akiinama kuingia mlangoni kwetu ameenea kwenye mfuko wa shuka, na nafasi imebaki. Nilimpenda pale pale, kwa nguvu iliyonitisha. Na pale pale sikuamini. Nimeangalia ile mifupa nikasema kimoyomoyo: Bwana, hii? Hii isimame? Miaka yote nimewaambia wanawake wa watu kwamba itasimama, na sikuwahi kuitazama. Bado nashindwa kulielewa hilo, hata sasa nikiandika.

Sururu kauliza, niufunge? Nimeufunga mwenyewe. Mfuko uko ofisini kwa mchungaji. Tunazika kesho asubuhi makaburi mapya, na mchungaji kasema Mama aambiwe leo, na wa kumwambia ni mimi.

Njia nzima nimepanga maneno. Nimefika, mlango wazi, Mama kasimama kizingitini na nguo yake ya maua. Kaniangalia matope mpaka magotini, kaniangalia usoni. Kaona nini sijui. Kauliza: "Umemwona?"

Nikasema, "Nimemwona, Mama."

Lo! Alivyonikumbatia. Mikono ile isiyoweza kubeba kikombe. Kalia, kacheka, kaniambia nilijua wewe atakutokea, wewe ndiye uliyekuwa na mashaka. Nami nimeshikwa hivyo, matope yangu juu ya maua yake, na habari ya mfuko sikumwambia.

Nimesema nibadilishe nguo kwanza. Nimejifungia chumbani. Yuko nje ya mlango, kaegemea, namsikia anavyohema. Hana haraka. Anabisha kidogo kidogo kwa ukucha, anauliza alikuwa amevaa nini, na kama mguu bado unamsumbua.