DAFTARI LA MAMA LETISIA

Kamati ya Elimu ya Watu Wazima, Kituo cha Kisomo Gehandu. Kikao cha nne, Alhamisi tarehe 14 Mei 1981, saa 8:15 mchana, chumba cha darasa la pili.

WALIOHUDHURIA
Ndugu Nikolausi Tluway – Mwenyekiti
Ndugu Alfredi Hhando – Katibu na mwalimu wa kisomo
Ndugu Benedikta Gidamis – Mjumbe
Mama Letisia Gidabuday – Mwalikwa, mwanakisomo wa zamani

HAKUHUDHURIA
Ndugu Gidahosh – Mjumbe (yuko mnadani, hakutoa taarifa)

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao. Katibu alimwamkia Mama Letisia shikamoo. Aliitikia marahaba akitazama dirishani.

KUMB. NA. 4/2: MAANDISHI YALIYORUDISHWA
Katibu alieleza kwamba wilaya iliomba maandishi ya wanakisomo kwa ajili ya gazeti la vijijini. Waliandika watu thelathini na mmoja. Wote waliandika, "Mbolea huongeza mavuno," sentensi ya ukurasa wa sita wa kitabu. Wilaya imeyarudisha, ikiuliza kama kituo kina mwanafunzi mmoja tu.

Mwenyekiti alisema wanakisomo ni wavivu wa kufikiri. Ndugu Benedikta alipinga, akasema aliyefikiri alifukuzwa, na ameketi hapa.

KUMB. NA. 4/3: DAFTARI
Ilikumbushwa kwamba mwaka jana Mama Letisia aliacha kunakili ubaoni, akawa anaandika mambo yake. Katibu alimkosoa kwa wino mwekundu na kuandika chini, "Hukuulizwa haya." Kamati hii iliamua kwamba anaharibu darasa, ikamzuia kuhudhuria, ikalichukua daftari lake.

Mama Letisia aliuliza daftari liko wapi.

Kabati lilifunguliwa. Ndani mlikutwa jalada na kurasa mbili tu. Ndugu Benedikta aliuliza kurasa nyingine ziko wapi. Mwenyekiti alitaka kikao kiendelee na ajenda nyingine. Ndugu Benedikta alisema hakuna ajenda nyingine.

Ndipo Mwenyekiti alipoeleza kwamba karatasi ilikuwa haba wakati ule, akawa anasokotea tumbaku kwa kurasa hizo. Katibu alikiri kwamba alijua, na kwamba mara mbili walivuta pamoja.

Mama Letisia aliomba kilichobaki kisomwe. Katibu alisoma: "Trekta la shamba la ngano limelima njia yetu ya kisimani. Dereva alinipungia mkono. Na mimi nikampungia, kwa sababu sikujua mkono wangu ufanye nini."

Ukurasa wa pili, wenye wino wake mwekundu chini, Katibu alishindwa kuusoma. Imeandikwa hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

KUMB. NA. 4/4: OMBI LA KAMATI
Mwenyekiti alimwomba Mama Letisia aandike upya yaliyopotea, kituo kisiaibike wilayani. Alijibu kwamba hayakumbuki. Aliyaandika ili asiyabebe tena kichwani. Aliongeza, "Aibu mnayoiogopa ni ya wilayani tu. Ya hapa hamuioni?"



Ndugu Benedikta alimsihi arudi, si kwa ajili ya gazeti, bali kwa wanawake ambao bado wanamuulizia. Mama Letisia alisema atarudi iwapo kila siku darasa litaanza na sentensi ya mtu mwenyewe, kabla ya ubao. Na wanakamati watangulie, sasa hivi.

Karatasi ziligawiwa. Ndugu Benedikta alimaliza kwanza. Katibu aliandika na kufuta mara tatu. Mwenyekiti alikaa kama nusu saa, kisha akampelekea Mama Letisia karatasi iliyosomeka: "Mimi Nikolausi nilivuta maneno ya mtu, na moshi wake ulikuwa kama moshi mwingine wowote."

Mama Letisia aliisoma mara mbili, akamrudishia.

"Sawa, baba," alisema. "Halafu ikawaje?"

Mwenyekiti alirudi kuketi, akaandika. Kikao kilimngoja.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA
Iliafikiwa kwamba sharti la Mama Letisia lianze kutumika Jumatatu. Wajumbe walitoka saa 11:40 jioni. Mwenyekiti hakutamka kufunga kikao, kwa kuwa alikuwa bado anaandika.

N. Tluway, Mwenyekiti ....................
A. Hhando, Katibu ....................