Sinia Ndani ya Karai

Kigombe, Tanga
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Tahiri,

Assalaam alaikum. Marahaba, maana shikamoo yako ya leo najichukulia mwenyewe. U mzima? Kile kikohozi kimekwisha, na masomo ya huko Indonesia yanakwendaje? Sisi hatujambo. Mama goti linamuuma, lakini halimzuii kushuka miambani kuchokoa pweza.

Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Maneno ya simu wewe huyasikia huku unatafuna.

Ile habari uliyotusimulia imenikaa kichwani. Ulisema ardhi ilitikisika kidogo tu, taratibu, kwa muda mrefu, hata kikombe hakikuanguka. Majirani zako wakapanda kilimani na watoto mgongoni, wewe ukabaki unamalizia wali wako. Tulicheka sana. Kisha nikajiuliza, watu waliozoea matetemeko tangu kuzaliwa wanakimbia nini, na kikombe kimetulia mezani?

Nikamfuata Mwalimu Uweso, anayefundisha jiografia hapa sekondari. Akanieleza kuwa yapo matetemeko yanayotokea chini ya bahari, karibu kabisa na sakafu yake, kwenye miamba laini. Hapo ardhi hupasuka polepole, ndiyo maana mtu wa pwani husikia mtikiso mdogo. Lakini sakafu yenyewe huinuka sana, na maji yote yaliyo juu yake huinuka nayo. Basi tsunami huja kubwa kuliko mtu alivyodhania. Si kila mara, alisema, ila mtikiso mdogo ukidumu, usikae kuusubiri.

Unanijua, siamini mpaka nione. Nilijaza karai maji, nikalaza sinia ndani, chini kabisa ya maji. Nikalipiga karai ubavuni kwa mchi: kelele tele, maji yakakunjana kidogo, basi. Kisha nikazamisha mkono, nikaliinua sinia upande mmoja bila kishindo chochote. Maji yalimwagika hadi mlangoni, yakaulowesha mkeka wa Mama. Nilifurahi kama mtoto, nikarudia mara ya pili.

Mama hakufurahi. Aliniuliza kama bahari huanza kwa kutoka. Nikamwambia ndiyo, pengine hukauka ghafla kwanza, ndipo irudi. Wewe unajua maji yakitoka mbali sisi wanawake wa huku tunakwenda wapi. Tunashuka na michokoo yetu, tunashangilia pweza, na Mama huwa wa mbele. Sikufichi, Tahiri, niliogopa. Mmoja wenu angechukuliwa na maji kwa sababu ya pweza, mwingine kwa sababu ya wali.

Waulize majirani zako wanajuaje kwamba mtikiso umedumu vya kutosha kukimbia. Je, wanahesabu, au miguu yao imezoea tu? Niandikie, hilo linaninyima raha.

Sasa sikia. Mama ameapa mbele yangu na shangazi Mwatumu: maji yakitoka sana siku isiyo ya bamvua, wakati si wake wa kutoka mbali, hashuki, hata amwone pweza amekaa juu ya jiwe. Kwa Mama hilo si dogo. Naye anataka kiapo chako, kwamba ardhi ikitikisika tena, hata kwa upole gani, utapanda kilimani na wenzako.

Shangazi Mwatumu na shemeji yako Sabiri wanakusalimu. Mola akulinde, akurudishe kwetu na afya yako.

Dada yako akupendaye,
Hasina

Mama ameniambia niongeze hili hapa chini: wali ukipoa hupashwa moto.